Helmeti ya Pili

Hotuba kwa waendesha bodaboda na abiria wao, Kisumu

Mwenyekiti, viongozi wa steji mliotoka Kondele, Mamboleo, Nyamasaria na Kibos, kina mama wa soko la Kibuye mliofunga biashara mapema kwa ajili ya kikao hiki, na nyinyi vijana mlioketi karibu na mlango ili jicho moja libaki kwenye pikipiki: misawa uru!

Nimeombwa nizungumzie helmeti. Aliyenialika aliniomba pia nisiwakaripie, maana alisema mmeshakaripiwa vya kutosha na polisi, wahubiri na watangazaji wa redio za asubuhi. Nitajitahidi. Mimi ni wakili, na kazi inayonilisha ni madai ya ajali za barabarani. Wengi wenu hukutana nami mkiwa na magongo. Leo nafurahi kuwaona mkiingia kwa miguu miwili, hata kama maana yake ni kwamba sipati wateja.

Nianze na hoja yenu, kwa sababu wanaowahutubia huiruka. Hoja ni hii: kichwa ni changu. Sijamgonga mtu, sijamwibia mtu, natafuta riziki. Nikiamua jua la Kisumu saa saba mchana ni kali mno kwa helmeti, inakuhusu nini?

Hoja hii si ya kijinga wala si ya Kisumu peke yake. Huko Marekani imewafikisha watu mahakamani na bungeni kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 1966 serikali ya kitaifa kule iliyaambia majimbo: wekeni sheria ya helmeti, la sivyo tutazuia sehemu ya fedha zenu za barabara. Majimbo yakatii. Kufikia 1975 yalibaki matatu tu bila sheria ya kumvisha helmeti kila mwendeshaji. Lakini waendesha pikipiki wa kule ni watu wenye vyama na sauti. Waliandamana, wakawaandikia wabunge, na mwaka 1976 Bunge la Marekani likaiondoa adhabu ile ya fedha. Majimbo mengi yakafuta au yakalegeza sheria zao. Hadi leo Illinois, Iowa na New Hampshire hayamlazimishi mtu mzima kuvaa helmeti. New Hampshire ndilo jimbo ambalo kaulimbiu yake rasmi inasema: ishi huru au ufe. Wakosoaji wake husema kwamba barabarani mtu anaweza kuyapata yote mawili kwa safari moja.

Kaulimbiu ya waendeshaji wale ilikuwa, na bado ni, kwamba anayeendesha ndiye aamue. Ishikeni hiyo, nitairudia.

Kuna waliolipia msimamo huu kwa maisha. Uingereza ilipoifanya helmeti kuwa lazima mwaka 1973, mzee mmoja aliyeitwa Fred Hill alikataa kuivaa. Alitozwa faini, akakataa kulipa, akafungwa, akatoka, akapanda tena pikipiki kichwa wazi. Alifariki mwaka 1984 akiwa mfungwa katika gereza la Pentonville, London, akiwa na miaka 74. Sikubaliani naye, ila siwezi kumwita mpumbavu. Na nchi hiyohiyo, mwaka 1976, ilipitisha sheria ya kuwaruhusu Masingasinga kuendesha pikipiki wakiwa na vilemba vyao. Majirani zetu Masingasinga wa mji huu wanalielewa jambo hilo bila mimi kulieleza, na waumini wa African Israel Nineveh kule Vihiga, ambao nao huvaa vilemba vyeupe kwa ajili ya imani, wana haki ya kuliuliza hapa kwetu. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba ukishataja usalama mjadala umekwisha. Haujaisha. Mwili wa mtu ni wake, imani ni yake, na dola inapoweka mkono kichwani mwa raia ni lazima ieleze kwa nini. Katiba yetu, Ibara ya 24, inasema hivyo hivyo: haki huwekewa mipaka kwa sheria tu, na mipaka yenyewe iwe ya kadiri, inayoweza kutetewa katika jamii huru ya kidemokrasia.

Basi tuitetee, au tuiache.

Nafafanua kwanza helmeti inafanya nini, maana nimeona hata wanaoivaa hawajui. Keti juu ya pikipiki iliyosimama. Kichwa chako kiko kama mita moja na nusu juu ya lami. Uanguke tu ubavuni, injini ikiwa imezimwa, na kichwa chako kitafika chini kwa kasi inayokaribia kilomita 20 kwa saa. Hapo hujaenda popote. Hujagongwa na matatu ya Busia wala hujakutana na ng'ombe pale Ahero. Ndiyo sababu maneno ya "naenda hapa karibu tu" hayana uzito wowote.

Ganda la nje la helmeti hulitawanya pigo lisitue mahali pamoja. Ndani kuna ile sponji ngumu nyeupe, jamaa ya ile inayofungiwa televisheni mpya dukani. Sponji hiyo ndiyo yenye kazi kubwa. Hubonyea, na inapobonyea ubongo hupata sehemu ndogo ya sekunde ya kupunguza kasi badala ya kugota ghafla. Ikishabonyea hairudi. Helmeti iliyopata ajali imemaliza kazi yake, hata kama rangi bado inang'aa, na wewe unayeiuza kwa mwenzako kwa bei ya mtumba unamuuzia ganda. Ile ya mjengo, ya njano, ambayo baadhi yenu huivaa ili afisa aone kuna kitu kichwani, ilitengenezwa kwa ajili ya tofali linalodondoka juu ya utosi wa fundi. Haikutengenezwa kwa mtu anayerushwa barabarani. Na helmeti ambayo mkanda wake haukufungwa chini ya kidevu huruka kabla yako.

Ikifungwa sawasawa inasaidia kiasi gani? Mapitio ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yaliyokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, yalikuta kwamba kwa waendeshaji waliopata ajali, helmeti ilipunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Sikilizeni vizuri: si asilimia 100. Haizuii ajali, haiokoi mguu, haiokoi mbavu. Nawaambia hivi kwa sababu mkiahidiwa muujiza, siku mtakapomzika mwenzenu aliyekuwa ameivaa mtasema tulidanganywa.

Ujuzi huu si wa jana. Mwaka 1935, afisa mashuhuri wa Uingereza, T. E. Lawrence, yule aliyepigana Uarabuni, aliwakwepa vijana wawili wenye baiskeli na akaanguka na pikipiki yake. Alikaa siku sita bila fahamu, akafa. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo, alianza kuwafuatilia wanajeshi waliokuwa wakipeleka barua kwa pikipiki. Mwaka 1941 alichapisha alichokiona, na mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawalazimisha waendeshaji wake kuvaa helmeti. Raia wa kawaida walisubiri hadi 1973. Jeshi halikuuliza mtu anapenda nini, bila shaka, na ndiyo maana liliwahi.

Sasa turudi kwenye "kichwa ni changu". Mwaka 1972 mwendeshaji mmoja aliipeleka hoja hii mahakamani katika jimbo la Massachusetts. Majaji wakamjibu kwa maneno ambayo mimi wakili ningependa kuwa nimeyaandika. Kwa ufupi walisema: tangu dakika unapoumia, jamii ndiyo inayokuokota barabarani, jamii inakupeleka katika hospitali ya umma, inakupa madaktari, na usipoweza tena kufanya kazi inakutunza wewe na familia yako. Haiwezekani hilo likawa lako peke yako.

Hapa kwetu majaji hawana haja ya kusema. Ibara ya 43 ya Katiba inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Wewe uliyesema kichwa ni chako utaokotwa na mama muuza omena, utapakiwa kwenye pikipiki ya mshindani wako wa steji, utapelekwa Russia, kama tunavyoiita hospitali ya Jaramogi kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Kisha kundi la WhatsApp litafunguliwa. Mnalijua. Jina lako, picha ukiwa na bandeji, nambari ya kutumia pesa, na orodha inayoanza na nambari moja. Shangazi wa Seme atauza mbuzi. Mjomba wa Nyakach ataambiwa kipande cha shamba kinaweza kungoja, mgonjwa hawezi. Mambo yakienda vibaya zaidi, kutakuwa na muziki wa usiku kucha kule nyumbani na vijana wakilipa ili wacheze, na pesa hizo ndizo zitakazonunua jeneza. Hakuna jamii duniani yenye haki ya kusema neno kuhusu kichwa chako kuliko hii ambayo tayari imekilipia.

Jimbo la Florida lilijaribu njia ya katikati. Tangu mwaka 2000, mtu wa miaka 21 na zaidi anaruhusiwa kuendesha kichwa wazi, mradi ana bima ya matibabu ya dola 10,000 au zaidi. Yaani chagua, lakini usitume bili kwa jirani. Ni msimamo wenye mantiki. Sasa naomba mikono. Ni nani hapa ana bima ya matibabu ya zaidi ya shilingi milioni moja? Naona hakuna. Hata mimi sijanyoosha.

Lakini hoja inayonikera si hiyo ya gharama. Mkiniuliza ni kitu gani kimenifanya niamini kwamba mjadala wa Marekani hauwezi kupandwa hapa ukaota, nitawarudisha kwenye kaulimbiu yao. Anayeendesha ndiye aamue. Yule bwana wa Iowa anatoka Jumapili kutembea, yuko peke yake juu ya pikipiki kubwa aliyoinunua kwa ajili ya starehe. Akiamua, ameamua kwa ajili ya kichwa kimoja. Nyinyi mko kazini, na nyuma yenu ameketi mtu. Kaulimbiu ile haina neno kumhusu mtu wa nyuma.

Ni nani huyo? Ni muuguzi anayewahi zamu ya usiku. Ni mwanafunzi. Ni mama mjamzito anayetoka Nyalenda saa nane usiku kwa sababu hakuna gari lingine litakaloingia kwenye kichochoro chao. Ni watoto watatu wa shule waliopangwa mshikaki, wa mbele ameshika tangi, na sheria inasema abiria ni mmoja. Hawa hawajaamua chochote. Kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki, kilichoingizwa na marekebisho ya 2012, kinawataka mwendeshaji na abiria wake wote wawili wavae helmeti na jaketi yenye reflekta. Lakini abiria haji stejini na helmeti mkononi. Ataipata kwako, au hataipata. Na nikitembea pale Kondele asubuhi, naona waendeshaji wengi wana helmeti, wengine kichwani, wengine wameitundika kiwikoni ikisubiri kizuizi cha polisi. Ile ya pili sioni.

Kortini ninakutana nalo hivi. Mteja wangu, abiria, amekaa kizimbani. Wakili wa kampuni ya bima anasimama, ni rafiki yangu, tunakunywa chai pamoja, na anauliza kwa upole: ulikuwa umevaa helmeti? Hapana. Ulijua sheria inakutaka uvae? Kimya. Baada ya hapo anaiomba mahakama ipunguze fidia, kwa kuwa abiria amechangia kuumia kwake mwenyewe, na mahakama inaweza kukubali. Kwa hiyo yule ambaye hakupewa helmeti anakatwa pesa kwa kutovaa helmeti ambayo haikuwapo. Nimeiona sura ya mtu akitafsiriwa jambo hilo kwa Kijaluo. Sina la kuongeza hapo.

Nimesema sitawakaripia, basi niwape haki yenu pia. Sheria hii inasimamiwa vibaya. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zinataja faini ya shilingi 1,000 kwa kosa la kutovaa. Wote tunajua mara ngapi pesa hiyo inafika kwenye akaunti ya serikali, na mara ngapi inaishia barabarani ikiwa ndogo zaidi, bila risiti. Sheria inayokamatia watu mwisho wa mwezi na kulala katikati yake haimfundishi mtu kuvaa helmeti. Inamfundisha kujua afisa amesimama wapi. Ndiyo maana helmeti iko kiwikoni.

Vietnam, nchi yenye pikipiki kuliko kitu kingine chochote barabarani, iliifanya helmeti kuwa lazima kwa kila mtu, kila barabara, mwendeshaji na abiria, tarehe 15 Desemba 2007. Siku iliyofuata miji ilikuwa imebadilika sura, na zaidi ya asilimia 90 walikuwa wamevaa. Hawakuwa watu watiifu kuliko sisi. Walijua kwamba ukitoka bila hiyo utakamatwa, leo na kesho, tajiri na maskini. Hata hivyo, huko nako maduka yalijaa helmeti za bei rahisi zisizo na sponji ya maana, na watu wakavaa ganda kwa ajili ya polisi. Tusicheke. Na sisi tunazo. Mkinunua, tafuteni alama ya KEBS, shirika la viwango vya ubora la Kenya, kisha bonyezeni ndani kwa kidole gumba. Ikiwa kuna kitambaa tu na hewa, irudisheni.

Kina mama, najua mnangoja nifike kwenye nywele. Mmesuka kwa saa nne, mmelipa, halafu kijana anawapa helmeti iliyovaliwa na watu kumi tangu asubuhi, ina jasho la wote, na mtoto wa jirani alipata choa wiki iliyopita. Mnakataa. Mimi pia ningekataa. Wanaume wakiandika sheria huliona hili kama urembo, lakini ni jambo la afya, na ndilo linaloiua helmeti ya pili kuliko bei. Linatatulika. Ndani ya helmeti nzuri kuna kitambaa kinachotoka, kinafuliwa jioni, kinakauka usiku. Leso nyepesi kichwani kabla ya kuvaa inatosha kutenganisha nywele zako na jasho la wengine. Na abiria wa kila siku, wewe mwenye mwendeshaji wako wa kukupeleka kazini na kukurudisha, nunua yako. Umenunua mwavuli, nunua na hii.

Joto silikatai, nitawadanganya nini na mimi naishi hapa. Zipo zenye matundu ya hewa. Zitapunguza, hazitaondoa. Kuhusu kusikia, helmeti hupunguza honi, lakini hupunguza na upepo uliokuwa ukiifunika hiyo honi. Tupite.

Swali la pesa ndilo gumu, na hapa nina neno kwa watu ambao hawapo ukumbini: wenye pikipiki. Wengi wenu mnaendesha pikipiki za watu. Mwenyewe yuko ofisini au ng'ambo, anangoja hesabu ya jioni. Alinunua pikipiki, akalipa bima kwa sababu bila hiyo itazuiliwa kituoni, halafu helmeti akaiacha kwa kijana mwenye deni la unga. Hilo ni kosa la mwenye mali. Helmeti mbili ni sehemu ya pikipiki kama magurudumu mawili. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo ili vijana wapate ajira, na pikipiki zikajaa. Ajira ilikuja. Sikumbuki mtu akisema siku hiyo kwamba kila pikipiki itaketiwa na watu wawili wenye vichwa.

Kaunti nayo isijifiche nyuma ya Nairobi. Katiba imeipa kaunti usafiri wa umma wa barabarani na maegesho. Steji zenu ziko juu ya ardhi ya kaunti. Bunge la Kaunti ya Kisumu linaweza kusema kwamba steji inayotambuliwa ni ile ambayo kila pikipiki yake ina helmeti ya abiria, na likaipa steji hiyo kivuli, maji na mahali pa kufulia. Napendekeza tuandike ombi hilo. Nitaliandika bila malipo, na nitahitaji saini za wenyekiti wote mlioko hapa, pamoja na za abiria, hasa kina mama wa Kibuye, kwa sababu madiwani huwahesabu nyinyi kwanza.

Wakati huo karatasi ikitembea, steji moja inaweza kuanza bila kungoja mtu. Mna chama cha mzunguko, kila jioni mnachanga. Mzunguko mmoja, badala ya kumpa mtu pesa taslimu, ununue helmeti za abiria kwa wanachama wote, saizi mbili au tatu, na moja ndogo ya mtoto ikae kwa mwenyekiti. Kisha mkubaliane kwamba abiria anayekataa kuivaa hapandi pikipiki yoyote ya steji hiyo. Mkifanya wachache, mteja atavuka kwenda kwa mwenzako. Mkifanya wote, ataivaa. Nataka kujua kabla hatujatoka hapa ni steji gani itakuwa ya kwanza, na mweka hazina wake ni nani.

Mwenyekiti, nimetumia dakika zangu na za mtu mwingine. Yule bwana mwenye jaketi ya kijani amenyoosha mkono tangu nilipotaja Florida, na sura yake inasema hakubaliani nami. Mpeni maikrofoni.